Marehemu alimpigia simu mumewe kumkumbusha dawa: niliyoyashuhudia Kyambogo, Kampala

Wakuu, nawasalimu nyote, wa bara na wa visiwani, pamoja na mliotawanyika ughaibuni.

Mimi si mchangiaji wa mara kwa mara humu. Kwa kawaida nasoma, natafakari, napita. Leo nimeona niandike, kwa kuwa jambo hili limekaa kifuani na halitaki kutoka.

Nitakayoyasimulia ni ya kweli. Yapo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na yapo niliyoambiwa na wenyewe, nitajitahidi kuyatenganisha. Nikifika mahali nisipopajua, nitasema sijui. Majina nimeyabadili, na kliniki inayohusika sitaitaja hata nikibembelezwa inbox.

Naomba mnivumilie, maana sina tabia ya kuandika kwa haraka.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafundisha Kiswahili hapa Kampala, na nimepanga nyumba Kyambogo. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mzee Ocaya, Mwacholi, mwanajeshi mstaafu. Jeshini alikuwa mtu wa redio za mawasiliano.

Mkewe, Truphena, alikuwa Mkenya wa Nakuru, fundi cherehani mwenye kibanda chake Wandegeya. Nyumbani kwao lugha ilikuwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo waliyokutana nayo: mume na kile cha kambini, mke na kile kilichonyooka. Binti yao mmoja, Lanyero, ni mwalimu wa shule ya msingi.

Jambo moja muhimu hapa. Mama huyu hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita Baba Lanyero, naye akiitwa Mama Lanyero. Katika miaka yote ya ujirani wetu, ukuta ule ukiwa mwembamba kama ulivyo, sikuwahi kusikia "Ocaya" kutoka kinywani mwake.

Miezi kadhaa iliyopita mzee alipata kiharusi chepesi, akalazwa.

Akiwa bado wodini, mkewe, aliyekuwa mzima kabisa, alianguka kibandani kwake Wandegeya mchana kweupe. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

Daktari wa mzee alipoambiwa, alisema neno moja: "Msimshtue." Hakusema mpaka lini. Hakusema kumshtua ni kufanya nini hasa. Na katika ukoo ule mzima hakuna aliyeuliza.

Basi wakafanya kama wengi wetu tunavyofanya. Walimficha. Wakamwambia Mama Lanyero amekwenda Nakuru kumwuguza dada yake. Maiti ikasafirishwa kaskazini, ng'ambo ya Gulu, ikazikwa nyumbani kwa mzee bila mzee.

Mimi nilikuwemo katika msafara. Niliona jeneza likishushwa, na nilitia udongo kwa mkono wangu. Nalitaja hili mapema ili mjue kwamba siku niliyoisikia sauti, sikuwa na shaka yoyote kuhusu mwenye sauti yuko wapi.

Mzee aliporudi nyumbani, wazee wa ukoo walikuja kumpa habari. Nilialikwa. Walizungumza kwa adabu na kwa maneno mazuri sana: Mama ametutangulia, Mungu amemhitaji, amepumzika. Hakuna aliyetamka kitenzi chenyewe.

Mzee akauliza, "Nakuru?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hayo tutayaongea ukipata nguvu."

Nilitoka pale nikijua kwamba mzee ameachiwa hadithi mbili kutoka kwa watu wale wale, na hakuna hata moja iliyofungwa.

Ndipo simu zikaanza.

Lanyero alinijia Jumanne mchana, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwalimu, kesho asubuhi uje unywe chai kwetu. Kuna kitu nataka usikie."

"Kitu gani, binti yangu?"

"Nikikuambia utasema mimi ndiyo mgonjwa. Wewe njoo tu."

Nikaenda. Jua lilikuwa limeshapanda, redio ya jirani wa upande wa pili ikipiga kwaya, harufu ya mandazi ikitoka jikoni. Nayasema haya ili msidhani kulikuwa na giza au ukungu. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa.

Simu ya mzee ikalia mezani. Akaipokea na kubonyeza spika, kisha akakaa wima kama mtu anayesubiri amri.

"Habari za asubuhi, Ocaya," ikasema sauti ya Mama Lanyero. "Leo ni Jumatano. Tafadhali kumbuka kumeza dawa yako ya shinikizo la damu. Unatarajiwa kliniki siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi. Kuthibitisha, bonyeza moja."

Wakuu, mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Haikuwa sauti iliyofanana na yake. Ilikuwa yake. Lile tuo dogo kabla ya "tafadhali," kama mtu anayemaliza kukata uzi kwa meno kwanza, lilikuwa lake.

Kitu kimoja tu hakikuwemo. Pumzi. Kati ya sentensi na sentensi hapakuwa na mtu anayevuta hewa.

Mzee akaisogelea simu. "Mama Lanyero, uko wapi?"

Kimya kifupi. "Samahani, sijakuelewa. Kuthibitisha, bonyeza moja."

"Mama Lanyero, nani iko na wewe hapo?"

"Samahani, sijakuelewa."

Ikakatika. Mzee akanigeukia, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyechanganyikiwa. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Mwalimu, umesikia? Naniita Ocaya. Tangu nioe yeye hajaniita Ocaya, hata ile siku nilikalia miwani yake ikavunjika."

"Nimesikia, mzee."

"Basi anasomeshwa maneno. Kuna mtu anasimama nyuma yake."

Akanieleza, kwa sauti ya chini, alichokuwa akikisikia kwenye redio zama za vita huko kwao. Watu waliotekwa walikuwa wakiletwa kwenye kipaza sauti wasome ujumbe. Ndugu zao walifurahi kusikia kwamba wapo hai. Yeye, mwenye kuvaa vifaa vya masikioni kutwa nzima, alikuwa akisikiliza kitu kingine.

"Mtu akisomeshwa, pumzi inapotea," akasema. "Hivi hivi. Kama bibi yangu." Huku kwetu, wakuu, bibi ni mke.

Lanyero akaweka chini birika. "Baba, nimekuambia mara ngapi? Ni rekodi tu."

"Rekodi inajua leo Jumatano?"

Binti akaanza kupanga vikombe.

"Jana ilisema Jumanne. Rekodi inajua kalenda? Lanyero, mimi nimefanya kazi ya redio kabla mama yako hajakubeba. Usinidanganye kama mtoto wa P.1, darasa la kwanza."

Hapo ndipo nilipotishika zaidi, kwa sababu mzee alikuwa na hoja. Alikuwa amepewa maelezo yasiyo sahihi, akayapima, akayakuta hayasimami, akayatupa. Kisha, kwa kukosa mengine, akayatafuta ndani ya maisha yake mwenyewe. Na katika maisha yake, sauti ya mtu wako isiyo na pumzi ilikuwa na maana moja tu.

Lanyero alinitoa nje akanieleza yaliyobaki.

Ijumaa iliyopita mzee alikwenda kliniki, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Alipofikiwa, hakutaka kupimwa, alimtaka mkewe. Msichana wa mapokezi akamwambia, "Mzee, hiyo ni system, ssebo. Hakuna mtu." ("Ssebo" kwa Kiganda ni bwana.) Mzee akaona mlango uliofungwa ukumbini, nyuma yake kunavuma kitu, akauendea. Askari wa mlangoni, mwenye bunduki kama walinzi wote wa mji huu, alimvuta kwa bega na kumwonya kwamba akirudia hatamvuta tena.

Tangu siku ile aliacha kumeza dawa. Hakuwa tayari kula vidonge vya watu waliomshika mke wake. Muuguzi alikuwa ameshamwambia Lanyero wazi kwamba kiharusi cha pili kikija, huenda asiamke.

"Na kesho kutwa ni Ijumaa," akasema Lanyero. "Amepiga buti zake kiwi. Anasema mama mwenyewe amempa saa."

Alhamisi asubuhi nikaenda kliniki.

Meneja alikuwa mwanamke mtaratibu, na nakiri kwamba nilikwenda nikiwa nimekunja uso lakini yeye hakunipa sababu ya kuukunja zaidi. Nilimwomba anieleze jambo lenyewe kama angemweleza mtu asiyejua lolote. Ilimchukua majaribio kadhaa. Alianza na maneno ya vitabu vya mauzo, nikamrudisha; akaanza upya, nikamrudisha tena.

Hatimaye likatoka. Truphena ndiye aliyekuwa akiwashonea wauguzi sare. Walipohitaji mtu wa Kiswahili kizuri kwa ajili ya simu za kuwakumbusha wagonjwa, walimwomba. Aliketi katika chumba kilichotulia, akasoma sentensi nyingi zisizohusiana. Kutokana na hizo, mashine ikajifunza namna anavyotamka, na sasa yaweza kutamka chochote kwa sauti yake: siku, saa, jina la mgonjwa. Mzee alipoandikishwa, aliulizwa anataka kukumbushwa kwa lugha gani. Akasema Kiswahili.

Nikamwuliza, "Mama huyu mlimwambia nini?"

"Kwamba sauti yake itawasaidia wagonjwa."

"Alijua kwamba itasema maneno ambayo yeye hajawahi kuyasema? Na kwamba itaendelea hata akifa?"

Alitazama meza. "Hakuuliza."

"Angeulizaje jambo asilojua kwamba lipo?"

Kila neno aliloambiwa Truphena lilikuwa kweli. Ndiyo sababu hakuna aliyeona kwamba hajaambiwa kitu.

Meneja akataka kusaidia papo hapo. Akasema ataibadili sauti leo leo, mzee asiisikie tena.

Nikamwomba kwa unyenyekevu asifanye hivyo. Fikirini, wakuu. Mtu anaamini kwamba mkewe ameshikiliwa na anasomeshwa ujumbe. Kesho sauti inanyamaza ghafla, inakuja ya mtu mwingine. Huyo mtu ataelewa nini?

Meneja akashika mdomo.

Nikarudi Kyambogo baada ya swala ya alasiri. Nilimkuta mzee katika chumba cha nyuma, chumba cha kushonea cha marehemu, ambacho Lanyero hakuwa na moyo wa kukigusa. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Ukutani zilining'inia paterni za karatasi ya kaki, kila moja na jina la mteja kwa kalamu nyekundu.

Nilianza vibaya. Nilitaja sampuli, nikataja programu, nikataja akili bandia. Mzee akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwalimu, unasema kama redio ya betri imekwisha. Mlio unakuja, maneno hapana."

Lanyero akacheka kidogo, mara ya kwanza siku nyingi.

Nikatazama ukutani, nikashusha karatasi moja.

"Mzee, hii ni ya nani?"

"Hiyo ya Lanyero."

"Lanyero alipokuwa akifundisha Gulu, mama aliweza kumshonea gauni akiwa hapa?"

"Alishona mingi. Anatuma na basi."

"Gauni ambalo Lanyero hajawahi kulivaa, wala kuliona?"

"Eeh. Na inamkaa."

"Likitundikwa hapa ukutani kabla ya kutumwa, umbo lake ni la nani?"

"La Lanyero."

"Na ndani yake kuna nani?"

Macho ya mzee yalikwenda kwenye karatasi, yakarudi kwangu.

Nikaendelea polepole. Nikamwambia kwamba watu wa kliniki walichukua kipimo cha sauti ya mkewe, siku moja, kwa ridhaa yake, alipokuwa mzima. Kipimo kile kimo kwenye mashine. Kila asubuhi mashine inashona maneno kwa kipimo hicho. Leo ikiwa Alhamisi inashona Alhamisi. Jina lako limeandikwa Ocaya kwenye kompyuta yao, basi inashona Ocaya. Haijui kwamba wewe ni Baba Lanyero. Pumzi haimo kwa sababu hakuna mapafu. Na ukiuliza swali haikujibu kwa sababu imepewa maneno machache tu ya kushona, na jibu lako si mojawapo.

Aliuliza maswali. Maswali makali, ya mtu wa fani. Mlango ule unaovuma nyuma yake kuna nini? Nikamwambia nimeingia mwenyewe, kwa idhini ya meneja: kuna mashine za kompyuta na feni ya kuzipoza. Nani anaamua saa ya kupiga? Mashine yenyewe, kwa ratiba. Inapiga kwa wengine? Ndiyo, kwa wote waliochagua Kiswahili.

"Kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yake."

Akaipokea ile karatasi mikononi mwangu, akaishika kwa kingo.

"Basi hakuna mtu nyuma yake."

"Hakuna, mzee."

"Na yeye hayuko pale."

"Hayuko."

Akailaza karatasi juu ya cherehani. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Basi yeye iko wapi?"

Wakuu, swali hilo halikuwa langu. Nilimtazama Lanyero.

"Baba," akaanza, "Mama ametu..."

Akasita. Niliona jinsi lile neno zuri lilivyomjia mdomoni, tayari, laini, na nikaona alivyolirudisha.

"Baba, Mama alikufa."

Akamsogelea, akaendelea.

"Alikufa kibandani, Wandegeya. Wewe ulikuwa wodini. Moyo wake ulisimama. Nakuru hakuna, Baba. Hakwenda Nakuru. Tulikudanganya sote, kwa sababu tuliambiwa tusikushtue, na baadaye tulishindwa kuurudisha uongo."

Mzee akauliza kama mtu anayepokea ripoti ya redio, kitu kimoja kimoja.

"Nani alimwosha?"

"Mimi na shangazi."

"Alivaa nini?"

"Kile kitenge cha kijani alichojishonea Pasaka."

"Amelala wapi?"

"Kando ya mama yako. Upande wa mlimao."

Akanigeukia. "Mwalimu, wewe uliona?"

"Niliona kwa macho yangu, mzee. Nilitia udongo."

"Alikuwa yeye?"

"Alikuwa yeye. Uso ulifunuliwa kanisani. Alikuwa yeye."

Ndipo alipolia. Sitaeleza kilio cha mzee wa watu humu. Nasema tu kwamba kilikuwa na pumzi ndefu, na kwamba Lanyero alimshika mpaka kikaisha, na usiku ule alimeza dawa.

Ijumaa hakuenda kuvunja mlango. Alikwenda saa tatu, na binti yake, akapimwa presha. Mimi niliwasindikiza. Alipomaliza, aliomba kumwona meneja, na nikashangaa kwamba hakuomba sauti iondolewe. Aliuliza jambo moja.

"Hawa wengine mnapigia, mmewaambia hii ni mashine?"

Meneja akasema hapana, walidhani kila mtu anajua.

"Mimi sikujua," akasema mzee. "Na mimi ni mume."

Meneja aliahidi kuwaambia. Baadaye Lanyero aliulizwa kama familia inaridhia sauti iendelee, safari hii akielezwa kila kitu mpaka akachoka, na akajibu kwamba baba yake ndiye aamue. Mzee akaridhia, kwa sharti lake.

Kabla ya utekelezaji, walisafiri kaskazini. Sikwenda. Lanyero ananiambia mzee alisimama kando ya kaburi akamweleza mkewe, kwa Kiswahili, kwa nini hakuwepo siku ile. Alieleza tangu mwanzo, bila kuruka, pamoja na habari ya Nakuru. Shangazi mmoja alijaribu kumkatiza kwa wimbo, akamwambia asubiri, hajamaliza.

Wakuu, nimefundisha lugha muda mrefu, na nilidhani najua maelezo mabaya yanafananaje: yamejaa makosa, au yamejaa maneno magumu. Katika jambo hili, "msimshtue" halikuwa na kosa. "Ametutangulia" ni neno la heshima. "Ni system" ni kweli. "Ni rekodi tu" lilisemwa kwa huruma. Yote yalisemwa na watu wema, na yote yaliacha nafasi tupu. Mzee hakuiacha nafasi hiyo tupu. Akaijaza mateka.

Siku hizi ninapomweleza mtu jambo, awe mwanafunzi au fundi wa bomba, namwomba anirudishie kwa maneno yake alichokielewa. Wengine hukasirika. Nawaacha wakasirike.

Na sasa sharti la mzee limetimizwa. Nilikuwa kwao asubuhi mojawapo, simu ikalia, akaweka spika. Sauti ni ile ile, tuo lile lile dogo, na ninakiri kwamba kujua kila kitu hakujaniondolea ule ubaridi kisogoni.

"Habari za asubuhi, Baba Lanyero," ikasema. "Mimi ni mashine ya kliniki. Mtu aliyenipa sauti hii amekufa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akafungua chupa ya vidonge.

Kwa leo naishia hapo. Ningependa kusikia kutoka kwenu mliowahi kumficha mgonjwa msiba, au mliofichwa: siku ya kuambiwa ilipofika, ni nani aliyesema, na alisema kwa maneno gani? Na kama yupo humu ambaye hata sasa nyumbani kwake kuna mtu hajaambiwa, basi kabla hujanijibu mimi, nenda kwanza ukakae naye.